Lisemwalo Lipo? Uvumi Juu ya Asili ya Wimbo wa "Malaika"

Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii imekuwa kimbilio la kila mtu aliye mvivu wa kutafuta ukweli. Akiulizwa habari aliyoileta ameitoa wapi, huitaja methali, na baraza zima hunyamaza kana kwamba hakimu amekwisha kutoa hukumu. Katika makala haya nakusudia kuipinga methali hiyo. Siipingi katika kila jambo, maana wazee wetu hawakusema ovyo. Naipinga katika jambo moja linalohusu utamaduni wa taifa letu na majirani zetu, nalo ni asili ya nyimbo zinazopendwa. Na kwa kuwa hoja bila mfano ni kama mtumbwi bila kasia, nitauchukua wimbo mmoja ambao kila msomaji anaujua, yaani "Malaika".

Sina haja ya kuueleza kwa kirefu. Hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza huku Nyakisasa, wilayani Ngara, anaujua, ingawa amezaliwa miaka mingi baada ya sahani zake za mwanzo kupigwa. Ni wimbo wa kijana aliyempenda msichana akashindwa kumwoa kwa kukosa mali. Mkenya Fadhili William, mzaliwa wa Taita wa mwaka 1938, aliutia katika sahani huko Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa na bendi yake ya Black Shadows. Kutoka hapo wimbo ulitembea kuliko mtu yeyote aliyepata kudai kuutunga. Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965, santuri iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Vijana wa Sweden waitwao Hep Stars waliuimba mwaka 1967 kwa lugha ya kwao. Boney M waliutoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akaurudia mwaka 1991. Kiswahili kimefika kwa wimbo huu mahali ambapo hakijafikishwa na balozi wala kamusi.

Basi, ni nani aliyeutunga? Hapo ndipo uvumi ulipoweka kambi.

Wako wanaosema ni Fadhili William mwenyewe, na jina lake ndilo lililoandikwa mara nyingi zaidi katika sahani. Wako wanaosema ni Adam Salim, mzaliwa wa Moshi, ambaye inasimuliwa kwamba aliutunga mwaka 1945 akiwa Nairobi, baada ya wazazi wa mpenzi wake kumkataa kwa umaskini wake. Wako waliomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Na wako, tena ni wengi, wanaokata mzizi wa fitina kwa kusema kwamba hakuna aliyeutunga: ni wimbo wa kale wa watu wa pwani, au wa bara, au wa askari waliotoka vitani, na kwa hiyo ni mali ya kila mtu. Kila kundi lina shahidi wake, na shahidi mwenyewe aghalabu ni mtu aliyeambiwa na mtu.

Sikuandika makala haya ili kumtangaza mshindi miongoni mwa watu hao. Nimeandika ili kusema kwamba namna tunavyobishana ni aibu kwa watu waliosoma. Nimewasikia walimu wakilijadili jambo hili kwa ukali, na katika mjadala mzima silaha zilikuwa tatu tu. Nitazitaja moja baada ya moja, nizijibu.

Silaha ya kwanza ni utamu wa hadithi. Watu huipokea habari ya kijana maskini aliyenyimwa mchumba kwa sababu inaliza, na kwa sababu inaafikiana na maneno ya wimbo. Lakini tufikiri kidogo. Ni kijiji kipi katika Afrika ya Mashariki ambacho hakina kijana aliyenyimwa mchumba kwa kukosa mahari? Mahari ya ng'ombe ilitozwa Uchagani, ikatozwa Utaita, ikatozwa na huku kwetu kwa Wahangaza na Washubi. Hadithi inayomfaa kila kijana haiwezi kuwa ushahidi wa kijana mmoja. Tena mtunzi halazimiki kutunga yaliyomfika yeye. Mimi niliye mtunzi wa mashairi nimekwisha kutunga maombolezo ya mjane, na mke wangu yu hai na mimi ni hai. Anayetaka kumjua mtunzi kwa kuyatazama machozi yaliyomo katika wimbo atawakuta watunzi elfu, na wote watakuwa na haki sawa.

Silaha ya pili ni uzalendo usio na macho. Mtanzania husema wimbo ni wa Moshi kwa sababu yeye ni Mtanzania; Mkenya husema ni wa Taita au Mombasa kwa sababu yeye ni Mkenya. Huu ni ushabiki wa mpira, na kuuita utamaduni ni kulidhalilisha neno hilo. Mwaka 1945 Kenya na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Mwingereza, na vijana wa Moshi walikwenda Nairobi kutafuta kazi kama vijana wa Taita walivyokwenda. Askari wa King's African Rifles walirudi kutoka vita vya 1939 hadi 1945 wakiwa na nyimbo walizofundishana kambini, na hakuna aliyeuliza wimbo umevuka mpaka kwa kibali gani. Sisi tuliozaliwa karibu na mpaka wa Burundi tunalijua hili bila kufundishwa. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, harusi za huku na za ng'ambo hubadilishana nyimbo, na wimbo hauna paspoti. Lakini tuangalie: wimbo kukosa paspoti hakuna maana kwamba umekosa mzazi. Paspoti hutolewa na serikali, uzazi hautolewi na serikali. Swali la nani aliyetunga ni swali juu ya mtu mmoja na kazi yake, wala halijibiwi kwa kupeperusha bendera.

Silaha ya tatu ni kuchanganya kazi zilizo mbalimbali. Wengi hudhani kwamba aliyesikika wa kwanza redioni ndiye mtunzi. Hapana budi walimu wawafundishe wanafunzi wao kwamba wimbo wa sahani hupita katika mikono mingi. Yupo aliyetunga maneno, yupo aliyetunga tuni, ambaye huenda ni mwingine, yupo aliyepanga ala, yupo aliyeimba, na yupo mwenye studio aliyetoa sahani na kuliandika jina katika lebo. Katika Nairobi ya miaka ile, kampuni za sahani aghalabu zilimlipa mwanamuziki ujira wa mara moja siku ya kurekodi, akaenda zake. Kwa hiyo jina lililo katika sahani ni ushahidi mkubwa wa nani aliyerekodi, tena ni ushahidi unaoshikika kuliko hadithi; lakini peke yake halimalizi swali la nani aliyetunga. Anayesema "jina limeandikwa, mjadala umefungwa" ameruka hatua, na anayesema "jina halina maana yoyote" ameruka shimo.

Pengine msomaji ataniuliza: uvumi una madhara gani? Watu wapige soga, wimbo uimbwe, maisha yaendelee. Nitamjibu kwa mifano miwili, mmoja wa kuchekesha na mwingine wa kuhuzunisha.

Mfano wa kuchekesha unatoka Kenya. Huko Marekani palikuwa na mwimbaji aitwaye Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli aliyekuwa mmoja wa waasisi wa muziki wa mashambani wa nchi ile, muziki uitwao kantri. Alirekodi mara ya kwanza mwaka 1927, akafa mwaka 1933. Sahani zake zilifika katika nchi ya Wakipsigis pamoja na gramafoni. Wasikilizaji walilipenda sauti lile wasimwone mwenye sauti. Jina lake likageuka katika vinywa vyao likawa Chemirocha, na mtu mwenyewe akageuka pia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na kurekodi wasichana wakimwimba huyo Chemirocha. Naye akaelezwa kwamba ni kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya swala. Tazama kazi ya uvumi! Miaka kumi na saba tu baada ya kifo chake, mfanyakazi wa reli amekwisha kuota kwato.

Tunaweza kucheka, lakini tusiwacheke Wakipsigis. Wao angalau walitunga wimbo mpya na mzuri kutokana na uvumi, na walikuwa hawana njia ya kuuliza. Sisi tuna shule, magazeti, redio na maktaba, na bado tunawaotesha watunzi wetu kwato. Tena kuna jambo jingine katika kisa hicho. Tracey aliandika katika daftari lake mahali, mwaka, na jina la mwimbaji, Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Kwa sababu ya maandishi hayo, katikati ya miaka ya 2010 ziliweza kurudishwa nakala za muziki ule kwa wenyewe, na wazee waliokuwa hai wakazisikia sauti za ujana wao. Uvumi ulimpoteza Mmarekani. Daftari lilimhifadhi msichana wa Kapkatet.

Mfano wa kuhuzunisha unatoka Afrika ya Kusini. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa akifanya kazi za sulubu Johannesburg, aliimba na wenzake wimbo wake wa "Mbube". Baadaye haki zake ziliuzwa kwa shilingi kumi. Wimbo ulipovuka bahari, Wamarekani walioupokea waliuchukua kama wimbo wa jadi wa Kizulu, usio na mtunzi. Wakaupa maneno mengine, na mwaka 1961 kundi la Tokens likaupeleka kileleni kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight". Mwaka uliofuata Linda akafa maskini. Binti zake waliishi katika ufukara huku sauti ya baba yao ikisikika katika sinema za dunia nzima, mpaka kesi ilipofunguliwa mwaka 2004 na mapatano kufikiwa mwaka 2006. Hakuna aliyemnyang'anya Linda kwa bunduki. Alinyang'anywa kwa maneno mawili: "wimbo wa jadi".

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na naomba isikilizwe na wale hasa wanaodhani wanaitetea Afrika. Miongoni mwa uvumi wote unaouzunguka wimbo wa "Malaika", ulio mbaya zaidi ni ule unaojidai kuwa wa busara, usemao kwamba wimbo hauna mwenyewe. Wanaogombea jina la Adam Salim au la Fadhili William wanakubaliana angalau kwamba yupo mtu aliyekaa chini akafikiri, akalipanga neno baada ya neno na sauti baada ya sauti. Lakini anayesema wimbo ni wa wote kwa kuwa wanaodai ni wengi, anafanya kama mtu aliyewakuta watu watatu wakigombea ng'ombe akasema ng'ombe huyu basi ni wa porini, akamchinja. Shaka juu ya nani ni mzazi si ushahidi kwamba mtoto hakuzaliwa. Na anayefaidika na shaka hiyo hawi mwananchi wa Moshi wala wa Mombasa. Anayefaidika ni mwenye mtambo wa sahani aliye mbali, ambaye wimbo usio na jina humgharimu kidogo kuliko wimbo wenye jina.

Watanijibu kwamba katika Afrika ya ujamaa nyimbo zilikuwa za jamii nzima, na kwamba kumtafuta mtunzi mmoja ni ubinafsi wa Kizungu. Hoja hii inapendeza masikioni, lakini haina mizizi katika nchi yetu. Ni kweli ziko nyimbo za kutwanga, za kubembeleza watoto, za kuvuta mtumbwi, ambazo vizazi vingi vimezikuza hata mkono wa kwanza hauonekani tena. Hizo ni za jamii, na ziitwe hivyo. Lakini nani amesema babu zetu hawakuwajua watunzi wao? Wasukuma hadi leo huwataja Gumha na Ngika, mafundi wa ngoma wa karne ya 19, na makundi mawili makubwa ya wacheza ngoma, Wagalu na Wagika, yanawaheshimu kama waasisi wao. Katika mkoa wetu huu wa Kagera, mpiga nanga Habibu Selemani alijulikana kwa jina lake, na Profesa Mulokozi alipozichunguza tendi za nanga za Wahaya hakuziandika kama nyimbo zilizoota zenyewe migombani. Aliwataja waimbaji wake. Na katika ushairi wa Kiswahili, mtunzi amezoea kulitaja jina lake katika ubeti wa kaditamati, pamoja na mji wake na pengine jina la baba yake. Kutia jina katika kazi ni adabu ya zamani ya washairi wetu. Hatukuhitaji Mzungu kutufundisha.

Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa midomoni mwa watu sokoni na barazani, kama nyimbo za redio zilivyo leo. Yangaliweza kupotea, au kugawanywa kwa wenye sauti kubwa. Tunayo leo, na tunajua kuwa ni ya Muyaka, kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya katika karne ile ile, angali yupo mtu wa kuulizwa. Wahenga hao hao waliotuachia methali ya uvumi walituachia nyingine iliyo bora: mali bila daftari hupotea bila habari.

Serikali yetu ililiona jambo hili mapema. Mwaka 1962, katika mwaka wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasema wazi kwamba utamaduni ni roho ya taifa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi ulinzi wa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na hata sanaa za jadi ikaziwekea kinga. Lakini sheria haiwezi kumlinda asiyejulikana. Hakimu atauliza: kazi hii ni ya nani, ilitungwa lini, nani shahidi? Tukimjibu kwamba lisemwalo lipo, atatutoa nje ya mahakama, na atakuwa amefanya haki.

Kwa hiyo nawageukia walimu na wanafunzi, maana kwa mzozo wa "Malaika" saa nyingi zimekwisha kupita. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na walioziona siku za 1945 kwa macho ya utu uzima wameondoka. Lakini huku Nyakisasa, na katika kila kata ya Ngara na Biharamulo, wako watu wanaotunga leo. Yuko mama wa kwaya aliyetunga wimbo unaoimbwa na parokia nzima, na hakuna aliyeandika jina lake. Yuko mzee anayejua ni nani aliyetunga wimbo wa ngoma unaoimbwa harusini, na akifariki mwaka huu, wimbo utakuwa "wa jadi" mwaka ujao. Yuko kijana anayetia wimbo wake katika simu, ukasambaa mpaka Kahama na Mwanza kabla ya juma moja, na ulipofika huko jina lake likawa limebaki njiani. Hao ndio akina Solomon Linda wetu wa kesho tukikaa kimya.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari la shilingi chache na nidhamu. Mwanafunzi akiusikia wimbo, aandike maneno yake kwa lugha yake, kisha aandike majibu ya maswali machache: Nani aliyekuimbia? Yeye alifundishwa na nani, wapi, mwaka gani? Nani anasemekana kuutunga, na anayesema hivyo alishuhudia au aliambiwa? Waliotunga maneno na tuni ni mtu mmoja au wawili? Yaliyoshuhudiwa yaandikwe upande mmoja wa ukurasa, na yaliyosikika upande wa pili, yasichanganywe. Kama majibu yanapingana, yaandikwe yote yalivyo, kila jibu na jina la aliyelitoa. Shule ikifanya hivyo kwa miaka kumi itakuwa na hazina ambayo wataalamu wa Dar es Salaam watapanda basi kuifuata.

Na siku mtu atakaposimama katika baraza kusema kwamba wimbo fulani ulitungwa na fulani kwa sababu fulani, tumpe kiti, tumpe maji, kisha tumuulize kwa heshima: Ndugu, umeyajuaje? Akiwa na jibu, tuliandike. Akiwa hana, tumshukuru kwa hadithi, tuiite hadithi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mtunzi, kabla hata ya fedha, ni jina lake.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa mashairi, niruhusiwe kufunga kwa ubeti mmoja:

Mwalimu shika kalamu, andika jina la mtu,
Mtunzi ana sehemu, jasho lake si la kwetu,
Uvumi una wazimu, hugeuza mtu chatu,
Haki yake ya kudumu, apewe mbele ya watu.